Nagombana na Mimi Mwenyewe kwa Sababu ya Mwekundu

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, kwa sababu nimeingia katika ugomvi mkubwa mtandaoni na mtu ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Takaoka, niko kwenye kamati ya maktaba, na darasani sisemi mpaka niulizwe, na nikiulizwa mwalimu huniambia nirudie kwa sauti. Rafiki yangu ni mmoja tu, Wakana, na tulijuana siku ya kwanza ya shule alipoona kitambaa changu cha Kikosi cha Taa Tano akapiga ukelele korido nzima ikageuka. Hawa Taa Tano, kama umewasahau, ni vijana watano waliokuwa wakipigana na majitu kwenye televisheni kila Jumapili asubuhi, kila mmoja na rangi yake, na walikaa ghorofani juu ya bafu la mtaa la Bibi Tome, na kila kipindi kiliisha vilevile: Mwekundu anaingia mlangoni amejaa vumbi, anasema "Nimerudi!" na Bibi kwenye kiti chake cha kupokelea wateja, pamoja na wenzake wote, wanaitikia "Karibu nyumbani!" Nasi watoto tuliitikia pia, mimi nilikuwa chekechea na niliitikia na wali mdomoni. Katika kipindi cha mwisho Mwekundu alibaki upande wa pili wa lango la giza ili alifunge, wakatuonyesha mlango wa bafu, hakuingia mtu, ikawa basi. Tumengoja miaka kumi, Mshauri.

Sasa mwaka huu wametoa filamu ya kuwakutanisha tena, wote watano, ila Bibi Tome hayumo kwa sababu mama aliyemwigiza alishafariki, na mimi na Wakana tukaenda siku ya kwanza. Lango likafunguka, Mwekundu akatoka na mvi chache, akatembea hadi bafuni, akasukuma mlango, mimi nimeung'ang'ania mkono wa kiti, na akasema: "Samahani, naingia kuwasumbua."

Kuwasumbua! Hayo si maneno ya mtu anayerudi kwao, hayo ni maneno ya mgeni, ndivyo asemavyo fundi wa gesi, ndivyo nisemavyo mimi nikiingia kwa kina Wakana halafu navua viatu navipanga vizuri pua zikielekea nje. Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha likaja joka, wakapigana, ikaisha. Nililia, na Wakana naye alilia, akanikumbatia na kuniita kwa jina la utani alilonipa, "Chii! Nzuri mno, au siyo? Mwenzio hata kupumua siwezi!" nami nikasema, "Nzuri mno."

Jioni ile nikaandika mtandaoni kwa jina la Ndoo ya Njano, maelezo marefu yenye aya, kwamba mwandishi asiyejua tofauti ya neno la mwenyeji na neno la mgeni hakustahili kukabidhiwa Mwekundu. Nilitegemea wasomaji wanne. Kesho yake wakati wa chakula cha mchana Wakana alikuja akitikisa simu juu ya matonge yangu ya wali.

"Umeiona takataka hii? Watu elfu na elfu wameisambaza! Ni lizee fulani, nakuapia. Linaishi peke yake, linakula tambi za kikombe limesimama."

"Labda si mzee," nikasema.

"Chii, linaandika 'aidha'! Nani siku hizi anaandika 'aidha'?"

Mimi huandika.

"Halina rafiki hata mmoja hili, we liangalie tu," akasema, na akachukua tonge langu moja akala kwa hasira. "Wewe ndiye unayejua kuandika. Hebu tulijibu. Liponde, Chii, liponde lisiinuke!"

Basi nikaliponda. Tulitumia jina la Taulo Mbili, yeye akitoa matusi na mimi nikiyageuza kuwa hoja, na balaa ni kwamba niliandika vizuri, watu wakashangilia, wakamwambia Ndoo ajibu kama ana la kujibu, nami ningenyamaza kabisa, Mshauri, ila katika jibu letu kulikuwa na hoja moja dhaifu na kila nikiiona nilikuwa nawashwa mwili mzima, kwa hiyo Ndoo akajibu. Taulo wakajibu. Ndoo akajibu tena. Sasa kuna kambi mbili. Juzi mezani mama alisema, "Huyu Ndoo ana akili," kaka yangu akasema, "Akili gani, Taulo wameshammaliza!" wakakaribia kununiana, mimi nikaomba nipitishiwe sosi ya soya.

Jumapili ya wiki ijayo kule Kanazawa kuna onyesho la shangwe la filamu hii, lile ambalo watu wanaruhusiwa kupiga kelele na kupunga taa ukumbini, na Wakana ametushonea makoti mawili mekundu, na ameandika mbele ya umma wote: "Ndoo ya Njano, njoo Kanazawa tuonane uso kwa uso, kama u mwanamume." Na Ndoo amekubali. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa na hasira.

Wakana ameniomba nikae karibu naye lizee likileta fujo. Nikimwambia ukweli nitakosa rafiki, na sina wa akiba. Nisipomwambia tutazunguka Kanazawa tukimtafuta mzee ambaye hayupo. Nifanye nini? Tafadhali usiandike jina langu, kwani babu yake Wakana husoma safu yako kwa sauti kila Jumatano wakinywa supu ya asubuhi.

Ni mimi,
Ndoo (na nusu ya Taulo)

*

Mpendwa Ndoo,

Unaniomba nilifiche jina lako, kisha unanipa ndoo, taulo, makoti mekundu na babu mwenye sauti. Mwanangu, wewe hukuomba ushauri, uliomba kukamatwa. Jibu hili nimekutumia kwanza nyumbani kwa posta. Gazetini litatoka Jumatano baada ya onyesho, kwa hiyo babu hatakutangulia kumwambia. Hiyo ndiyo huruma yangu yote. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kusema "nzuri mno" mbele ya rafiki anayelia si dhambi, hiyo ni adabu, na mimi nimeisema mbele ya mapishi ya mama mkwe wangu nusu ya maisha yangu. Kosa lako liko kwingine. Ulimwacha Wakana amtukane rafiki yake mwenyewe, siku baada ya siku, bila kujua ni nani, na tena ukamnoa kisu. Akigundua, hataumia kwamba hukuipenda filamu. Ataumia akikumbuka kila neno alilosema kuhusu tambi za kikombe. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe umeingia, ukakipaka rangi na kutundika pazia.

Na hukulazimika kuipenda filamu. Miaka kumi ya kungoja ni yako, na masikitiko yako ni halali. Hata hivyo barua yako ilinichokoza, nikaenda kuitazama. Joka lile ni aibu, hata mwanangu mdogo angechora bora. Mazungumzo yao wakila tambi ni marefu kuliko tambi zenyewe. Lakini pale mlangoni, ulifumba macho au ulikuwa na machozi? Mwekundu anasema neno la mgeni, halafu havui viatu. Anasimama. Muziki unakatika. Anatazama kile kiti cha Bibi, kitupu, na anangoja. Mtu aliyekaa mbali miaka kumi hawezi kujiambia kwamba bado ni wa nyumbani. Mpaka mwenyeji amwambie. Mwenyeji mwenyewe hayupo, na wale wanne wako nyuma ya nyumba wakikoka moto. Ukumbini kwetu hakuna aliyemwitikia. Mimi nilikuwa natafuna bisi.

Labda mwandishi alikusudia hivyo, labda alikosea tu kama unavyosema. Simjui. Ninachojua ni kwamba ukimya ule umeachwa mrefu mno kuwa bahati mbaya, na Jumapili mnaruhusiwa kupiga kelele.

Basi fanya hivi. Usimwandikie Wakana, maana wewe ukishika kalamu unaanza kushinda. Nenda kwao Jumamosi, kwa miguu, umwambie mlangoni: "Mimi ndiye Ndoo. Filamu haikunipendeza, nikaogopa kukwambia." Sentensi zako ziishie hapo, na neno "aidha" lisiingie. Atapiga kelele. Mwache apige, ana haki, na kwa maelezo yako kelele ni kipaji chake. Huenda akafunga mlango. Usiondoke haraka. Mtu aliyekushonea koti kwa mkono hafungi mlango muda mrefu.

Kisha mwombe msamaha hasa kwa lile la kumtumia kama jeshi dhidi yako, na uwaandikie watu wote kwamba Ndoo na Taulo wanakaa nyumba moja. Mama na kaka yako watapona.

Jumapili nendeni pamoja, akikubali. Yeye ataipenda filamu tena na wewe huenda ukaichukia tena, na mtarudi kwenye treni mkibishana ana kwa ana, jambo ambalo ndilo ulilokuwa ukilitafuta kwa majina mawili. Na Mwekundu akishasema lile neno lake, akasimama pale na viatu vyake, usimngoje Wakana aanze. Simama wewe. Umwambie karibu nyumbani, kwa sauti ambayo mwalimu wako hatahitaji kuomba urudie.

Asubuhi hiyo kunywa maji ya moto yenye asali. Koo lako halijazoea kazi.

Bi. Hatae