Nilikuwa Nikiyaambia Maumivu "Toka!"

Jumanne, naandika kwa simu. Ukungu umelala chini tangu asubuhi, mlima hauonekani.

Sasa hivi Wambui ameketi kando ya jiko, akafumba macho, akapuliza "fuuu" kama anayepoza uji. Halafu akafungua jicho moja aone kama namtazama. Ana miaka miwili na nusu. Ananiiga mimi.

Ugonjwa wa viungo ulinishika nilipomzaa. Asubuhi vidole vinakaza, hata kifungo cha sweta kinanishinda. Mwezi uliopita aliniletea sweta nimfunge, nikashindwa, nikampigia kelele. Tangu siku hiyo anaipeleka kwa Cucu, mama ya bwanangu. Mimi ananipita tu.

Kupitwa huko kunauma kuliko vidole.

Nesi wa kliniki alinifundisha kuketi, kuvuta pumzi na kuyaangalia maumivu. Lakini mimi nimelelewa kwa maombi, najua ugonjwa hukemewa. Basi wiki tatu nzima, kila nikitoa pumzi nasema, "Toka!" Na Cucu huko nje, akikatia ng'ombe majani, anaitikia, "Amina!" Nikimaliza nimechoka kama niliyelima.

Nesi aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Mama Wambui, wewe umeanzisha kesha la maombi! Sikusema uyafukuze. Yaulize tu: mko wapi, mko namna gani?"

Nimekuwa nikiuliza. Na ni ajabu! Nilidhani ni uchungu mmoja mkubwa. Kumbe wa kidole gumba ni moto, wa kiwiko ni mzito kama ndoo imejaa, na kidole cha mwisho hakina kitu kabisa. Miaka hii yote nilikihesabu na wagonjwa.

Na chini ya yote kuna hasira, imekaa hapa kooni. Hiyo ndiyo ilimpigia mtoto kelele.

Dawa bado nameza. Lakini nikiiona hasira inapanda, siku zingine naweza kuingoja ipite kabla mdomo haujafunguka.

Cucu ameuliza mbona hakuna "toka" siku hizi. Nikamwambia nayasikiliza kwanza.

"Ati unasikiliza ugonjwa? Na ukikuambia umekuja kukaa?"



Lakini mimi ninachojiuliza ni hiki: mtoto husahau baada ya siku ngapi? Au hasahau, anangoja tu aone kama mimi...

Ngoja, naitwa. "Mami! Funga!" Sweta iko mkononi. Cucu amesimama hapo mlangoni, na leo ni yeye amepitwa. Acha niweke simu chini, nianze na kile kidole kizima, halafu...