Mlango wa Ghala la Mama

Kigwa, Uyui,
Tabora.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Advera,

Habari za Mtwara? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, isipokuwa mama. Miguu imevimba tena, na kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanichekesha na hasira inaniisha. Safari hii sitaki iishe.

Mahindi tumevuna, yamejaa mpaka mlango wa ghala unasukumwa kwa bega. Ni ule ule wa mninga aliouchonga baba. Mchwa wameanza kuula kwa chini, nimeupaka oili chafu.

Unajua kwetu ghala la mavuno mapya hulifungua mama mwenyewe, na siku atakayompa mtu ufunguo, huyo ndiye mwenye nyumba baada yake. Mimi ndiye ninayelima, ninayepalilia, ninayebeba. Wewe unatuma vitenge, naye anavivalia kanisani huku akimwonyesha kila mtu, hiki cha Advera, hiki cha Advera. Nilichomnunulia mimi mjini, kule Mtendeni, amefunikia ndoo. Nina wivu, mdogo wangu. Haya, nimesema.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alifungua fundo la khanga akatoa ufunguo. Akaniita pale mlangoni, mbele ya mume wangu Bundala na majirani, akanishika mkono.

"Shika, mwanangu Advera. Nilijua utarudi."

Bundala akataka kusema, nikamkanyaga mguu. Nikapiga magoti, nikaupokea, nikafungua. Watu wakapiga vigelegele, na wengine waliinamisha macho.

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina lako. Ananibakizia finyango za nyama, ananisuka nywele, ananisimulia mambo ambayo sikuwahi kuambiwa. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukipendwa! Ufunguo ninao kiunoni, na bado nakuonea wivu. Sijui nikuombe uje, au ukae huko huko.

Bundala anakusalimu, na shangazi Tekla wa Ipuli pia. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama hakutumii salamu, maana kwake wewe upo hapa. Ila juzi aliniuliza Yustina amepotelea wapi, mbona haji hata kumwamkia. Nikamwambia yuko shambani.

Mungu akulindie nyumba yako.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Yustina