Kamba za Kekele Juu ya Paa Letu

Mpendwa Baba,

Upepo wa juzi hapa Alunguli ungekupa maswali ya wiki nzima, jinsi ulivyopenda kuuliza. Paa la jirani liling'oka zima, mbao na mabati, likaenda kulala kwenye mihogo yake. La kwetu limebaki. Limechukuliwa la baraza tu, na wajukuu zako hawakulowa.

Tangu asubuhi ile swali moja halinitoki kichwani. Ulijua ulichokuwa unafanya, ama ulikosa vifaa tu?

Unakumbuka tulivyolijenga upya paa hili wakati wa vita? Mimi nilikuwa chini, nakurushia kekele, zile kamba za msituni nilizoziloweka mtoni ili zilainike. Ulifunga kila boriti pamoja na nguzo iliyoibeba, ukakaza kwa mguu huku ukinung'unika. Nikauliza kwa nini hatupigi misumari kama watu wengine. Ukajibu, ukiniita binti yako kama ulivyozoea, "Mama, misumari iko wapi? Vita ilikula yote." Na baraza ukaipa mbao zake peke yake, isishikane na nyumba. Nikalalamika kwamba nyumba yetu imevaa kofia mbili. Ukacheka. "Upepo inaingiaka kwa baraza. Ikitaka kubeba, ibebe ile."

Sasa amekuja fundi, kijana mzuri mwenye haraka. Anataka paa moja, lishuke kutoka juu kabisa hadi mwisho wa baraza. "Mama, kekele njo mambo ya zamani," ananiambia. "Tupige misumari tu, ikuwe muzuri." Nilikaribia kukubali, Baba. Kweli lingependeza. Lakini watoto wanalala chini ya paa hilo, na sikutaka kuwalaza chini ya haraka yake wala chini ya ubishi wangu kabla sijaziona kamba zenyewe.

Nikapanda mwenyewe. Magoti yananilaumu mpaka leo. Juu ya chumba chenu nikakata kamba moja iliyochakaa, na chini yake nikakuta msumari mrefu, umezama mpaka kichwa. Nikakata nyingine. Msumari tena.

Kumbe ulikuwa nayo! Uliipiga lini, nilipokuwa mtoni? Nadhani uliuogopa mdomo wangu, maana siku zile watu walivunjiwa milango kwa vitu vidogo kuliko hivyo, nami nisingenyamaza mbele ya rafiki zangu. Nilicheka peke yangu kule juu, halafu nikalia, kwa sababu nimekukosa sana.

Basi haikuwa ukosefu. Misumari ulikuwa nayo, na bado ukafunga kamba, ili upepo uking'oa msumari, kamba ishike.

Nimemwambia fundi apige misumari yake yote, kisha tufunge kekele juu yake, na baraza ikae peke yake kama zamani. Amekubali, ila kukaza kamba hajui. Kwa hiyo kesho mimi ndiye nitakuwa juu, na yeye chini, akinirushia.

Pumzika, Baba. Nyumba imesimama.

Binti yako, yule wa chini