Mbu wa Buleusa Si Dhaifu

Dada Vumilia,

Mdogo wako bado anapumua, ingawa tumbo limeongezeka na nywele zimekimbia. Magoti yako yanasemaje tangu ile homa? Na watoto hapo Buleusa, viungo vimepona ao bado wanatembea kama wazee?

Mimi nimekasirika. Ulinicheka uliposikia kwamba muntu muzima, baba wa watoto wanne, analipwa Ubelgiji kulaza mbu usingizi. Cheka tena, lakini sikia. Mayai ya mbu uliyotutumia kwenye karatasi yalianguliwa vizuri. Mbu tunawapulizia gazi, hewa ya kulevya, wanalala, tunatenga majike. Wakiamka wanapewa damu yenye virusi, tuone kama wao njo wanaoeneza hiyo homa.

Ninawalaza kama Papa wetu alivyotufundisha kwa nyuki: unatia moshi kidogo, unasikiliza, mlio ukishuka unaacha. Shefu wetu wa maabara, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, ananiita Anselme kavu, bila Papa ya heshima. Akaniambia, «Anselme, hapa tunafuata saa, hatufuati masikio.» Akaweka minuti kumi na tano.

«Shefu, wamenyamaza zamani.»

«Bado minuti kumi. Nenda unywe kahawa.»

Nikaenda kuinywa, mjinga mimi. Hawakuamka hata mmoja.

Kufa kwa mbu si kitu, nimeua wengi kwa kofi. Lakini raporo yake inasema mbu wa Buleusa ni dhaifu, hawafai, watafutwe wa mahali pengine. Dhaifu, hao waliokulaza mwezi mzima, wewe unayepandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Wakituacha hivyo, nani atajua kinachotuuma?

Akataka nitie sahihi. Nikaandika chini yake: «Mbu hawa tuliwaua sisi wawili kwa gazi. Mimi nilijua, nikaenda kunywa kahawa.» Nikaipeleka kwa mkubwa wake. Tangu siku hiyo shefu hanisalimu, nami nimehamishiwa kuosha chupa. Ila mkubwa amekubali mayai mara moja tena, ya mwisho.

Basi, weka vyungu vya maji na karatasi kivulini, mbu watage. Nisalimie shemeji, Mama mukubwa wa Kashuga, na katekista wetu anayeimba kwa pua.

Safari hii atakayelaza mbu ni shefu mwenyewe, mkubwa akiwa amesimama kando. Tuma mayai mengi.

Mdogo wako muosha chupa,
Anselme