Funguo za Gari la Baba

Jumatatu, 13 Januari
Nimepanga tena dawa za Baba kwenye kisanduku. Asubuhi na jioni, wiki nzima. Za juzi hakuzigusa. Nilipomuuliza akasema kisanduku ni changu, si chake. Nikaenda kazini bila kunywa chai. Mimi ni mfamasia. Siku nzima nawaeleza watu baki namna ya kumeza vidonge, nao wananisikiliza.

Alhamisi, 16 Januari
Gari la Baba lina mkwaruzo mrefu ubavuni na taa moja imevunjika. Anasema liligongwa nje ya msikiti. Jirani anasema alimwona akigonga na kuangusha sanduku la barua lililosimikwa mbele ya nyumba ya kona, kisha akaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Nimekwenda kuwaomba radhi wenye nyumba.

Ana miaka sabini na tisa. Anaendesha tangu ujana wake, Dar es Salaam. Na hapa ughaibuni, Thornhill, bila gari huendi popote: msikitini, dukani, kwa rafiki. Najua ninachotaka kumnyang'anya.

Jumanne, 21 Januari
Kwa daktari. Alimwambia Baba achore saa, kupima kumbukumbu yake. Namba zote zikajazana upande mmoja. Baba aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Daktari akasema sheria inamtaka aripoti. Leseni itasimamishwa. Baba akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili daktari asielewe: "Umenileta kuniuza."



Jumatano, 22 Januari
Kaka yangu Murtaza amepiga simu kutoka Vancouver. Anasema nimeharakisha. Hajaonana na Baba miaka miwili. Nimemkatia.

Ijumaa, 31 Januari
Barua ya kusimamisha leseni imefika. Nilimsomea. Nikamwomba funguo. Akaziweka mezani mwenyewe, taratibu, akaenda chumbani kwake.

Nilitarajia matusi. Kimya hiki nakijua. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilimkataa mchumba aliyenichagulia, na Baba hakunisemesha miaka mitatu. Mama alipolazwa ndipo tukaongea, habari za hospitali. Mama alipofariki tukaendelea na habari za dawa. Tangu hapo tunaishi nyumba moja, na sijui kama tuna mazungumzo mengine.

Nimeficha funguo ndani ya kopo la unga. Najiona mwizi.

Jumatatu, 3 Februari
Nimerudi saa kumi jioni. Banda la gari liko wazi. Gari hakuna. Kumbe alikuwa na funguo za akiba. Mimi ninayehesabu vidonge vyake sikuwahi kufikiria hilo.

Theluji tangu asubuhi. Simu yake iko kitandani. Nimewapigia polisi. Nimepiga simu msikitini, hawajamwona. Nimempigia Murtaza, akalia. Nilitaka mtu wa kunigombeza, si wa kulia.

Polisi wameniambia nibaki nyumbani, huenda akarudi. Basi nimebaki. Nachungulia dirishani kila taa ikipita. Naandika ili nisikae bure. Namwombea dua. Halafu namkasirikia. Halafu dua tena.

Jumanne, 4 Februari
Yuko hai.

Walimkuta mtaa wa Downsview jana jioni, nje ya ghala la katoni. Alifanya kazi pale tulipohamia nchi hii, mimi nikiwa darasa la tatu. Petroli ilikuwa imekwisha, vioo vimefunikwa na theluji. Mlinzi aliyetoka kuvuta sigara ndiye aliyemgongea dirisha.

Polisi walinipigia; nilipofika alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, blanketi mabegani, anatetemeka. Akanishika mkono wa koti.

"Nimechelewa. Watanifukuza."

"Wamekusamehe, Baba. Wamesema upumzike leo."

"Nani kasema?"

"Bosi mwenyewe."

Akashusha pumzi. Maisha yangu yote nimemwambia ukweli na ukatugombanisha. Nimemdanganya mara moja, na uso wake ukalainika. Nikapiga magoti nikamvua soksi zilizolowa. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma. Aliniacha nivisugue.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeliuza gari la Baba, leo wamekuja kulichukua. Baba alisimama dirishani na kikombe chake, akalitazama likivutwa. Akauliza ni la nani. Nikasema la jirani. Akasema jirani alikuwa na gari zuri.

Niliingia bafuni nikafungulia maji.

Alhamisi, 13 Februari
Leo kaniita kwa jina la Mama mara mbili. Sikumsahihisha. Murtaza anasema atakuja majira ya joto. Sawa.

Ijumaa, 21 Februari
Nimeomba ruhusa kazini nimpeleke sala ya Ijumaa. Nilimfungulia mlango wa mbele wa gari langu. Akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi. Nikaendesha.

Barabara ya Bathurst ilikuwa na foleni. Kwenye kioo nilimwona ametulia, mikono magotini, kanzu imepigwa pasi vizuri. Akaniuliza kama nimefanya kazi hii ya teksi siku nyingi. Nikasema siyo nyingi sana. Akasema naendesha vizuri, sina papara.

Kisha akauliza, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Binti, baba yako yupo?"

"Yupo."

"Mzima?"

"Si sana."

"Mpe salamu zangu."

"Zitafika."

Alishuka, akanishukuru, akafunga mlango polepole. Kijana wa msikitini akamshika mkono, wakaingia. Nilikaa kwenye maegesho, injini imezimwa, mpaka sala ilipokwisha.