Jiko Nyuma ya Geti

Baba Golnar,

Ukirudi na hiyo nyundo ya kuazima, chai iko kwenye chupa. Sisi tumekwenda mtoni na kaka Houshang, tumebanana kiti cha nyuma, maana gari letu limefungiwa uani. Sijui ni fundi gani aliyejenga jiko la kebabu nyuma ya geti, akalimwagilia maji jana kutwa ili saruji ishike vizuri. Hongera, imeshika.

Siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya mtu hakai nyumbani, nuksi itamganda. Asubuhi ukanijibu kwamba hata uani ni nje. Haya, tandika mkeka hapo, ujionee matofali yako.

Nyama ~~iko kwenye friji~~ tumekwenda nayo. Mkaa upo tele.

Golnar alilia. Ulimwahidi bembea mtini. Mjomba wake atamfungia hiyo bembea huko mtoni.

Ile sahani ya ngano tuliyootesha kwa mwaka mpya nimekuachia mezani. Lazima leo itupwe kwenye maji yanayotiririka, lakini usihangaike kutafuta mto. Lile bomba la uani ulilolitengeneza mwenyewe linatosha.

Mama Golnar