Damu ya Kijani, Miaka Kumi na Miwili

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Fomu haina kabila, Josepha." Hivyo ndivyo Sylvester, mwenyekiti wetu, alivyofunga kikao leo. Uongo mtupu! Fomu imeandikwa na mtu, na kila mtu ana kwao.

Tuko watatu — yeye, Amne na mimi. Kazi yetu ni kuamua gemu ipi iingie kwenye tableti za maktaba za watoto, na kwa umri gani. Leo ilikuwa gemu ya mwalimu Paskazia wa Isevya, hapa Tabora mjini. Unaongoza wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora hadi pwani. Ukifika Ugogo, kisimani, wenyeji wanakutukana. Ukinuna, hupati maji. Ukijibu kwa utani, mnacheka, mnakunywa. Ameitengeneza miaka mitatu! Lakini kwenye fomu kuna kisanduku: "Dharau kwa kabila." Sylvester akatia tiki. Amne akafuata. Tiki hiyo moja ni 18+. Maktaba ya watoto, basi tena.

Na huyuhuyu Sylvester, Mgogo wa Dodoma, asubuhi mlangoni: "Mnyamwezi, umekuja bila mzigo? Unaumwa?" Nikamwambia anisogezee kiti, au nacho wanakiuza kama maji ya kisima chao. Alicheka hadi akakohoa. Nusu saa baadaye — tiki!

Jumatano, 11 Juni

Nimepita shuleni kwa Paskazia. "Dada, kwani nikiwaondoa Wagogo?" Nikamwambia asithubutu. Jumatatu tunapitia upya. Ikibaki 18+, ndiyo mwisho wake.

Nimempigia Sylvester. Hoja yake si ya kijinga, lazima nikiri. Mimi na yeye tunajuana, anasema. Mtoto asiyejua utani atabeba tusi na kuacha kicheko. Jibu lilinijia nilipofika nyumbani Ipuli: si ndiyo hiyo gemu inayomfundisha! Anayenuna anabaki na kiu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepekua mafaili kutafuta silaha. Nimeipata! Gemu ya kigeni ya kupiga risasi, maiti hazihesabiki, tukaipa 12+. Kwa nini? Fomu inauliza damu nyekundu. Ya kwao ni ya kijani! Nilicheka peke yangu.

Karatasi iliyofuata ikanikata kicheko. Machi. Gemu ya Ngassa, mfugaji wa Igunga: kuchunga, kunywesha, kuchinja mbuzi wa sikukuu. "Ukatili. Inatisha mno. 18+." Mwandiko wangu. Tiki ya kwanza yangu, wenzangu wakanifuata.

Ilimtisha nani? Mimi. Niliyekulia Gongoni, mjini kati, nyama naijua ikiwa imeshaning'inia buchani.

Nimempigia Ngassa. Shikamoo yake ya heshima. Marahaba yangu ilitoka kwa shida. Hana hasira — afadhali angekuwa nayo. Mwanawe wa miaka sita ndiye humshika mbuzi miguu wakichinja, anasema. Mtoto huyo aliicheza gemu akawa na lalamiko moja tu: mbona mbuzi wa baba halii?

Jumatatu, 16 Juni

Gongoni, chumba cha kikao. Nimewahi. Nilikuwa na kurasa sita za kumponda Sylvester, nimezikunja. Siwezi kudai tiki yake ifutwe huku yangu imelala kwenye faili.

Paskazia yuko nje kwenye benchi, tableti mapajani. Nimemwambia tutaanza na ya Ngassa. Uso ukamshuka. Tuna saa moja tu, na anajua nikishaanza kubishana sinyamazi. Huenda nimemponza.

Sylvester anaingia, Amne nyuma yake. "Mpagazi! Leo mzigo mwepesi, eh?"

Si mwepesi. Hapa mbele yangu, juu ya fomu ya Ngassa, nimeandika: Josepha, wa Gongoni, hajawahi kumshika mbuzi miguu. Nitawasukumia mezani waisome, kisha nitawaambia hivi, neno kwa neno:

Sylvester, Amne — kabla ya tiki yoyote, andikeni majina yenu, kwenu, na kile msichokijua. Sylvester, ya Paskazia anza wewe. Andika kilichokuchekesha pale mlangoni Jumatatu iliyopita.